Sura ya Sita: Bahasha Yenye Kona Iliyoungua

Asubuhi hiyo Luan Dehai, mkuu wa askari wa baraza la Qinghekou, alitembea miguu imeachana kama mtu anayevuka matope. Jana yake alikuwa amechapwa fimbo za mwanzi kwa mara ya pili. Ndivyo kazi yake ilivyokuwa: hakimu akiweka muda wa kesi, na muda ukaisha bila mtu kukiri, mpelelezi ndiye anayelazwa kifudifudi. Aliyemchapa alikuwa askari wake mwenyewe, na Luan alijua kwamba kijana wa watu alizuia mkono kila alipoweza. Hata hivyo mapaja yalikuwa yamevimba, na suruali yake ya pamba ilikuwa imegandana na vidonda.

Lakini leo haikuwa zamu ya mapaja yake. Leo ilikuwa zamu ya miguu ya He Changgui.

Alasiri ngoma ya baraza ingelia, na banio lingetolewa stoo: vipande vitatu vya mti mgumu, vyenye kamba, vinavyoshika vifundo vya miguu na kusagana mpaka mtu akiri. Asiyekiri hahukumiwi, na hakimu alitaka kuhukumu. He Changgui alikuwa mjumbe wa posta mpya ya wageni, ile ya stempu za joka. Majira ya baridi, mto ukiganda na meli zikikoma, yeye ndiye aliyebeba mfuko wa barua kwa miguu kutoka kituo cha kaskazini. Mkewe na mama yake walikula kwa miguu hiyo. Na mtu ambaye angevuta kamba za banio ni Luan.

Alimkuta langoni, chini ya simba wa mawe, amefungwa kongwa: ubao mpana wa mraba wenye tundu la shingo katikati. Mtu aliyevaa kongwa hafikishi mkono mdomoni. Hawezi kula, hawezi kupangusa kamasi, hawezi kulala ubavu. Akikosa mtu wa kumlisha, hufa katikati ya watu wanaopita na mikate yao.

He hakumkosa mtu. Mzee Xun alikuwa amechuchumaa mbele yake na bakuli la uji wa ulezi, akimlisha kwa kijiko cha mti, akipuliza kila kijiko.

"Fungua mdomo, ndugu. Usiseme, kula kwanza."

"Uji una chumvi leo, Mzee."

"Chumvi ni machozi yako. Meza."

Luan aliona pia kwamba mtu alikuwa amesokomeza pamba kuzunguka tundu la ubao, mti usimkwangue He shingo. Pamba ilikuwa safi, imebadilishwa asubuhi ile.

"Umeiweka wewe hii?" aliuliza.

"Kama ni kosa niitoe, Mkuu," alisema Mzee Xun, bila kuinua macho.

"Sijasema ni kosa."

Mji mzima ulimjua Mzee Xun. Tangu ujana wake alikuwa mchukuzi wa nyumba ya barua ya Tajiri Pang, mpaka barafu ikamla vidole vya miguu na kazi ikaisha. Sasa alizunguka nyumba kwa nyumba na kapu mgongoni, akikusanya karatasi zilizoandikwa ili zisikanyagwe, na kwenda kuzichoma katika tanuri la hekalu la mungu wa maandishi. Hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo. Watu walimpa mkate wa mvuke, au figili, au neno zuri.

Luan alisogea karibu na kongwa. "Changgui, siku ile ulipita uchochoro wa Mlozi?"

"Nilipita. Nilikuwa na barua ya muuza ngozi. Nimeshasema."

"Sema tena."

"Kwa Mwalimu Fang sikuwa na kitu. Sikugonga mlango wake. Majirani waliona koti langu la posta, na koti langu wanalijua. Mkuu, naomba nikune pua. Inaniwasha tangu alfajiri."

Luan alimkuna.

"Watu wanasema mligombana, wewe na Mwalimu."

"Aliniita mbwa wa wageni, mara mbili, mbele ya watu. Mara ya tatu alinipa kiazi cha moto, akasema mbwa naye ana mikono baridi. Ndivyo alivyokuwa." He alijaribu kucheka, ubao ukamzuia. "Leo ni leo, siyo?"

"Ngoma bado."

"Anza na mguu wa kushoto, basi. Wa kulia ndio mzuri."

Kijiko kilimponyoka Mzee Xun mkononi. Alikiokota, akakifuta kwa mkono wa koti lake, akaondoka na bakuli akiburuta miguu yake isiyo na vidole.

Mambo yenyewe yalikuwa machache, na ndiyo maana yalimtesa Luan. Mwalimu Fang Yusheng, aliyefundisha nusu ya mji kusoma, alikuwa na kikohozi cha kila baridi. Mwanawe, mnakili wa maandishi huko Beijing, humtumia dawa ya unga, imefungwa kwenye kikaratasi, ndani ya bahasha. Siku ile bahasha ilikuja, ina stempu ya joka na muhuri wa Beijing. Mwalimu aliifungua, akakoroga unga katika maji ya moto, akanywa. Usiku tumbo lilimwendesha mpaka akaisha nguvu, na kulipokucha alikuwa ameaga dunia. Mganga alikagua unga uliobaki akasema ni mbegu kali za kuharisha, zimesagwa laini. Mwanawe aliapa kutoka Beijing kwamba hakutuma kitu mwezi huo. Hakimu akauliza nani huleta barua zenye joka. Basi ikawa He.

Bahasha ilikuwa kifuani kwa Luan, imefungwa kwenye kitambaa. Kwa maoni yake, mtu wa kwanza kuulizwa alikuwa Tajiri Pang.

Nyumba ya barua ya Pang ilikuwa na meza ndefu na watu wawili tu waliosinzia nyuma yake. Zamani meza hiyo ilikuwa na foleni mpaka barabarani. Pang mwenyewe alikuwa mnene aliyeanza kukonda, ngozi ya mashavu ikimning'inia. Alivaa kamba nyeupe ya msiba kwenye kilemba.

"Nimekuja kwa lile neno lako la nyumba ya chai," alisema Luan. "Ulisema joka litapaliwa kabla ya mwaka mpya."

"Nilisema. Nikisema kesho theluji, mimi ndiye ninayeimwaga?"

"Wateja wamekuhama."

"Wamenihama. Wageni wanabandika kijikaratasi chenye mjusi, na watu wanadhani barua imebarikiwa." Pang alimtazama alivyosimama, akasukuma mto wa kiti kuelekea kwake, kisha akaurudisha. "Huwezi kukaa. Samahani. Kunywa chai umesimama."

Luan alipokea kikombe. "Siku ya bahasha ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namzika mama yangu. Na wachukuzi wangu wote walibeba jeneza. Wewe ulikuja, ukainama, ukala tofu bakuli mbili. Au tofu yangu haikukaa akilini?"

Luan alikumbuka tofu. Alikumbuka pia wachukuzi wote wakiwa wamejipanga, kila mmoja na nguo yake nyeupe. Nusu ya asubuhi ilikuwa imekwisha, na mlango aliouegemea ulikuwa ukuta.

Alitoa bahasha, akaiweka mezani kwa kukosa la kufanya. "Itazame tu. Wewe umeshika barua maisha yako yote."

Pang aliishika kwa ncha za vidole. Kona ya juu, upande wa stempu, ilikuwa imeungua: nusu duara nyeusi, safi, kama imeng'atwa na panya wa moto. Luan alikuwa ameiona kona hiyo mara nyingi na hakuwahi kuifikiria. Watu wa Qinghekou wamezaliwa wakaikuta. Barua ya haraka huchomwa kona, ili kila mchukuzi njiani ajue kwamba hii inakimbizwa kama nyumba inaungua.

"Imechomwa vizuri," alisema Pang. "Mkono unaojua. Mjinga huchoma mpaka jina la mtu. Sikujua kwamba watu wa posta ya joka nao wameiga kona zetu."

Luan aliweka kikombe chini. "Wameiga?"

"Si hii hapa? Mimi sijawahi kuona barua yao nyingine yenye kona. Lakini nani hunionyesha barua zao?"

Ofisi ya posta ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la chumvi. Karani Geng alikuwa amejikunyata juu ya jiko lake la makaa karibu alikalie kabisa, vidole vyake vimejaa wino na vipele vya baridi.

"Tunachoma?" alisema. "Nani amekwambia tunachoma? Barua zetu zote zina haraka moja, haraka ya miguu ya He. Na ukichoma upande huu unachoma stempu, na stempu ndiyo nauli. Utakuwa umechoma nauli yako."

"Mtumaji je? Mtu wa Beijing achome mwenyewe kwa mazoea, kisha ndiyo aipeleke posta?"

Geng alichukua kioo cha kukuzia, akainama juu ya bahasha kwa muda. Kisha alimpa Luan kioo.

"Tazama muhuri. Muhuri hugongwa Beijing, juu ya stempu, unavuka mpaka kwenye karatasi. Sasa tazama moto ulipopita."

Luan alitazama. Moto ulikuwa umekula tumbo la joka, na pamoja nalo ukingo wa muhuri, ule wenye tarehe. Wino wa muhuri uliishia pale pale weusi wa moto ulipoanzia. Haukupanda juu ya weusi popote.

"Basi ilichomwa baada ya muhuri," alisema polepole.

"Baada ya Beijing. Na kutoka Beijing mpaka meza hii iko ndani ya mfuko wenye lakiri. Mfuko wa siku ile niliufungua mimi, lakiri nzima. Barua zilikuwa chache kwa sababu ya theluji, na ya Mwalimu Fang haikuwamo. Nilimwambia hakimu. Akasema mtumishi wa wageni lazima amtetee mtumishi wa wageni."

"Mimi pia sikukusikiliza," alisema Luan.

"Hapana. Wewe ulikuwa unaondoka kwenda kuchapwa."

Luan alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka. "Mke wa Mwalimu alisema alimpa mjumbe pesa ya pombe, kama desturi."

Geng alicheka kwa pua. "Mjumbe wetu akipokea hata karanga, anafukuzwa kazi. Joka limeshalipa kila kitu. He ameshagombana na vikongwe nusu ya mji kwa kukataa. Mmoja alimkimbiza na fagio, akidai amemdharau."

Kwa hiyo aliyegonga mlango siku ile alikuwa mtu ambaye mkono wake ulizoea kupokea.

Jua lilikuwa limepita katikati. Luan alijaribu kukimbia, mapaja yakakataa, akaenda kwa mwendo wa bata mpaka uchochoro wa Mlozi.

Mama Fang, mke wa Mwalimu, alimfungulia akiwa amevaa gunia jeupe la msiba. Alimtazama kutoka usoni mpaka magotini, akaingia ndani, akatoka na godoro dogo na kulitandika juu ya kitanda cha udongo, upande wenye joto.

"Lala kwa tumbo, mwanangu. Utaniuliza ukiwa umelala. Si aibu."

"Mama Mwalimu, sina muda. Yule mtu aliyeleta bahasha. Niambie tena."

"Upepo wa vumbi ulikuwa mkali, nikafungua mlango kidogo tu. Alikuwa amejifunika kitambaa mpaka machoni. Alinyoosha bahasha, nikampa cha pombe, akapokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Nikasema moyoni, leo He amejifunza adabu. Nikampelekea mzee bahasha yake."

"Uliitazama?"

"Mimi sijui kusoma. Nilitazama joka."

Luan alitoa bahasha kitambaani. Tangu kifo ilikuwa barazani, na hakuna aliyewahi kufikiri kumpa kikongwe asiyejua kusoma. Mama Fang aliipokea, akapitisha vidole juu yake kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. Vidole vikasimama. Vikarudi nyuma.

"Peleka kwenye mwanga," alisema.

Luan aliinua bahasha mbele ya karatasi ya dirisha. Katikati yake, mahali ambapo jicho halikuona kitu, nuru ilipenya katika vitundu vidogo, jozi kwa jozi.

"Hizo ni sindano zangu," alisema Mama Fang. "Karatasi ya Beijing ni nzito, haipindi. Nilichomeka sindano humo tangu vuli. Hii si bahasha mpya, Mkuu. Hii ni ya dawa ya kwanza, iliyokuja kabla ya theluji. Mzee wangu aliifungua mwenyewe, aliirarua kwa jino, hapa juu." Aliweka kidole kwenye kona. Kidole kilitua juu ya weusi.

"Moto umekula alipoirarua," alisema Luan.

"Alinikemea kila mara. Alisema, mwanamke, hilo ni jina langu unalichoma sindano. Basi mwisho nikazitoa, nikaitia bahasha kapuni. Karatasi yenye maandishi haitupwi barabarani."

"Kapu la nani, Mama?"

Alifungua mdomo kujibu kwa wepesi, kama mtu anayeulizwa jina la jirani. Badala yake alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha udongo na kuweka mikono juu ya magoti.

"Mzee huyo amekunywa chai humu ndani tangu mwanangu aende Beijing," alisema. "Yeye ndiye alinisomea barua wakati mzee wangu ana macho mabaya. Na uji anaomlisha yule kijana langoni, ninaupika mimi. Alikuja akaniambia, Mama Mwalimu, He hana mtu wa kumlisha, na mimi sina ulezi. Nikampa. Nilisema, Mwalimu alimpa mtoto yule kiazi, hawezi kuwa alimuua." Alikunja ukingo wa gunia lake. "Nilimsifu, Mkuu. Nilimwambia ana moyo."

Kutoka upande wa baraza ngoma ya kwanza ililia. Ngoma ya kwanza hukusanya watu. Ya pili, hakimu anaketi.

Tanuri la maandishi lilikuwa nyuma ya hekalu, mnara mfupi wa matofali wenye mdomo mdogo. Mzee Xun alikuwa akitia karatasi moja moja, akizinyoosha kwanza, bango la duka, ukurasa wa mtoto wa shule, bahasha. Bakuli la uji lilikuwa miguuni pake, tupu, limeoshwa.

Luan hakuchomoa mnyororo. Alikunjua kitambaa tu.

Mzee Xun aliitazama bahasha kwa muda mrefu. Kisha akatia motoni karatasi aliyoishika, maana ilikuwa tayari mkononi.

"Nilijua kona ingeniua," alisema. "Ilikuwa imeraruka. Ningefanya nini? Mkono ulikwenda wenyewe."

"Mzee, ngoma imelia. Nieleze upesi."

"Nilitaka aharishe. Basi. Siku moja, mbili. Wewe unamjua Mwalimu. Akiharisha, mji mzima ungesikia. Angesimama sokoni akamlaani joka kwa maneno ya vitabu, na watu wangerudi kwa Pang. Pang angeniweka hata kwenye meza, nipange barua. Kupanga hakuhitaji vidole vya miguu." Alipangusa pua. "Miaka yote nilibeba barua za mwanawe. Nilizibeba kifuani theluji ikinifika kiunoni. Siku moja napita na kapu, ananiambia, Xun, mwanangu sasa anatumia joka, ni rahisi zaidi. Mkewe akatia ile bahasha kapuni niichome. Mwalimu hakujua amesema nini. Akanipa na chai."

"Ulitia kiasi gani?"

"Kile anachopewa mtu mzima aliyefunga choo. Naapa. Sikujua kikohozi kimemla kiasi kile. Alikuwa anapaza sauti, nikadhani bado ana nguvu."

"Na He?"

"Kila asubuhi nilikwenda langoni kusema. Kila asubuhi nilimkuta ana njaa. Nikajiambia, kwanza ale."

Luan alikunja bahasha. "Leo saa hii wanaivunja miguu yake. Kamba zikianza, hata ukisema kesho, hatatembea tena. Wewe unajua mchukuzi bila miguu ni nini."

Mzee Xun alitazama viatu vyake vya majani, vilivyojazwa matambara mbele palipokuwa na vidole.

"Nitakatwa kichwa?"

"Sijui. Nitasema hukukusudia kuua."

"Nani atasikiliza?"

"Labda hakuna. Nitasema hivyo hivyo."

Mzee alisimama. Alichukua bakuli na kijiko, akavitia kifuani, akaanza kutembea. Lakini alitembea kama alivyoweza, kisigino, kisigino, na kutoka hekaluni mpaka barazani ni soko zima na daraja. Walipofika kwa muuza figili wa kwanza, Luan alijua hawatafika.

Aliinama mbele yake. "Panda."

"Mkuu, wewe mwenyewe—"

"Panda, Mzee."

Alikuwa mwepesi kama kapu lake. Hata hivyo, magoti yake yalipobana ubavuni, Luan aliona giza. Vidonda vya mapajani vilifunguka, akasikia joto likiteremka mpaka kwenye soksi. Watu sokoni waligeuka kumwona mkuu wa askari akikimbia miguu imeachana, amebeba mwokota karatasi mgongoni. Muuza mikate alicheka, akauliza bei ya mzigo. Mtu mwingine, bila kuuliza, alivuta mkokoteni wake kando wapite. Mwanamke mwenye ndoo alimwaga jivu haraka juu ya barafu ya daraja, mbele ya miguu ya Luan, kisha akaendelea na safari yake.

"Nilikuwa navuka daraja hili kwa pumzi moja," alisema Mzee Xun sikioni mwake.

"Najua. Nyamaza, unanizidishia uzito."

Ngoma ya pili ililia wakiwa kwenye ngazi.

Ndani, hakimu alikuwa ameketi. He Changgui alikuwa amelazwa sakafuni, kongwa limewekwa kando, vifundo vyake vimeshaingia kwenye banio. Askari wawili walishika kamba, mmoja huku na mmoja kule. Mmoja wao ndiye aliyemchapa Luan jana. Alikuwa amekawia kufunga fundo. Alilifunga, akalifungua, akasema kamba imeganda, akaomba maji ya moto. Hakimu alikuwa akimtukana askari huyo kwa uzembe wake, ndipo Luan alipoanguka kwa magoti kizingitini, na mzigo wake ukateleza mbele ya meza.

"Mheshimiwa," alisema Mzee Xun kabla hajaulizwa jina. "Ni mimi. Mlegezeni kijana, bado hajala cha mchana."

Yaliyofuata yalichukua muda mrefu, kama yanavyochukua siku zote. Luan alionyesha moto juu ya muhuri. Karani Geng aliitwa, akaja na kioo chake. Mama Fang aliitwa, akainua bahasha kwenye mwanga, na hakimu mwenyewe alisimama kitini kuona vitundu. Luan alisema pia neno aliloahidi, kwamba mzee alikusudia ugonjwa, hakukusudia kifo. Mwandishi wa baraza alitazama uso wa hakimu, na kalamu yake haikugusa karatasi. Luan alilisema mara ya pili, kwa sauti, mpaka kalamu ikashuka.

Mama Fang hakumtazama Mzee Xun. Lakini alipopita karibu naye aliona bakuli limetokeza kwenye koti lake, akalichukua, maana lilikuwa lake. Akabaki amesimama nalo, kama hajui alipeleke wapi.

He alitolewa kwenye banio. Hakusimama mara moja. Alishika kifundo cha kulia, akakizungusha, akashika cha kushoto, akakizungusha, kisha akaanza kulia kwa sauti, uso wazi, sasa ana mikono ya kuufuta na hakuufuta.

Jioni ilikuwa inaingia walipompeleka Mzee Xun langoni, chini ya simba wa mawe, asubiri kupelekwa mji mkuu wa jimbo. Kongwa lilikuwa lile lile. Liliinuliwa, likafunguliwa, likafungwa shingoni mwake, na ile pamba safi aliyoisokomeza asubuhi ikamkaa vizuri kooni.

"Mkuu Luan," mwandishi aliita kutoka mlangoni. "Hakimu anasema lisiwe na kitu. Hiyo pamba itoke."

Upepo wa vumbi ulikuwa umeanza kuvuma tena. Luan alikuwa amesimama karibu kabisa, akiufunga mnyororo, na kila mtu aliona kwamba amesikia.

Alimaliza kufunga, pamba hakuigusa. Akashika njia ya kwenda nyumbani, polepole, miguu imeachana. Nyuma yake, uchochoroni, Mama Fang alikuwa anakuja langoni na bakuli linalotoa moshi, na He Changgui alitembea kando yake, kwa miguu yake miwili, ameshika kijiko.